Ruta ina poti nne na zote zimejaa: je, swichi ya mtandao inatosha kuongeza vifaa vya kebo nyumbani?

Chumba_cha_Kusomea aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, ninaomba mwongozo wa watu waliowahi kupanga mtandao wa kebo nyumbani, kwa kuwa maelezo niliyoyasoma hadi sasa yanapingana.

Huduma yangu ya intaneti ni ya megabiti 200 kwa sekunde. Inaingia kwa faiba hadi kwenye kifaa kidogo cha mtoa huduma kilichofungwa ukutani. Kifaa hicho kina poti moja tu ya kebo, nayo imeunganishwa na ruta yangu. Ruta ina poti nne za vifaa vya ndani, na zote zimejaa: kompyuta ya kazi, televisheni, diski ya mtandao tunayohifadhia picha na nyaraka za familia, na kebo moja ndefu inayopita darini hadi chumba cha kusomea, ambako imechomekwa kwenye kompyuta ya watoto. Sasa ninahitaji kuongeza printa na kompyuta ya pili katika chumba hicho, kamera mbili za ulinzi, na kituo cha pili cha Wi-Fi upande wa nyuma wa nyumba, ambako mawimbi ya ruta hufika yakiwa dhaifu sana.

Sipendi kuvihamishia vifaa hivi vyote kwenye Wi-Fi, kwa sababu mikutano ya video hukatika pale watu wengi wanapotumia mawimbi yale yale kwa pamoja, na kunakili mafaili makubwa kwenda kwenye diski huchukua muda mrefu kupita kiasi.

Ninachotaka kufahamu ni iwapo swichi ya poti nane, yaani kisanduku kinachoongeza poti za kebo za mtandao, itatosha, au kila kifaa nitakachochomeka humo kitapunguziwa kasi. Pia sielewi swichi hukaa wapi: kati ya kifaa cha ukutani na ruta, au baada ya ruta. Je, nivute kebo mpya kwa kila kifaa cha chumba cha kusomea, au kebo iliyopo inaweza kuvihudumia vyote? Na jambo la mwisho: ninayo ruta ya zamani isiyotumika, na wapo wanaosema kuwa inaweza kufanya kazi ya swichi.

Mlinda_Kasi alijibu:

Nijuavyo mimi, swichi hugawa kasi kwa idadi ya poti zake, kwa hiyo megabiti 200 zikipita kwenye swichi ya poti nane, kila kifaa kitabaki na megabiti 25. Ningekushauri utafute ruta yenye poti nyingi zaidi badala ya kuongeza kifaa katikati ya njia.

Fundi_Nyaya alijibu:

Ndugu Chumba_cha_Kusomea, swichi inatosha, na kwa hali uliyoieleza ndicho kifaa kinachofaa hasa. Hata hivyo, ni vyema tuliweke sawa kwanza suala la kugawanyika kwa kasi, kwa maana ndilo linalowafanya watu wengi waiogope swichi bila sababu.

Wazo la kugawa kasi kwa idadi ya poti lina asili yake katika habu, kifaa cha zamani kilichofanana na swichi kwa sura lakini si kwa utendaji. Habu ilipopokea taarifa kwenye poti moja iliirudia kwenye poti nyingine zote bila kujua mlengwa ni nani. Vifaa vyote vilitumia njia moja, viwili vikizungumza kwa wakati mmoja taarifa ziligongana, na kila kimoja kililazimika kusubiri na kurudia. Humo kasi iligawanyika kweli. Swichi hufanya kazi kwa namna nyingine kabisa. Kila kifaa cha mtandao kina anwani yake ya MAC, yaani namba ya kukitambulisha, na swichi husoma anwani ya mtumaji katika kila fremu, yaani kila kipande cha taarifa, inayoingia, kisha huandika katika jedwali lake kwamba anwani fulani ipo kwenye poti fulani. Fremu inayofuata ikielekezwa kwa anwani hiyo, swichi huipeleka kwenye poti ile tu. Ikiwa mlengwa bado hajulikani, fremu hutumwa kwenye poti zote mara hiyo, na mlengwa akishajibu jedwali hujazwa. Hakuna unachohitaji kukipanga wewe mwenyewe: swichi ya kawaida isiyo na mipangilio huanza kazi mara tu inapopata umeme.

Isitoshe, kila poti ya swichi ya gigabiti hupokea na kutuma kwa wakati mmoja, megabiti 1000 kwa sekunde kila upande, bila kuathiriwa na mazungumzo ya poti za jirani. Kompyuta mbili za chumba cha kusomea zikipeana faili, taarifa hazitoki nje ya swichi ya chumba hicho. Printa iliyozimwa au inayosubiri kazi haipunguzi chochote, kwa kuwa poti haitengewi fungu la kasi la kudumu.

Kinachogawanywa ni vitu viwili tu. Cha kwanza ni intaneti yenyewe: megabiti 200 ni za nyumba nzima, iwe vifaa vimechomekwa kwenye ruta, kwenye swichi, au vinatumia Wi-Fi, na kifaa kimoja kikiwa peke yake kazini kinaweza kuzitumia zote. Cha pili ni ile kebo moja inayounganisha swichi na ruta. Kila kinachotoka chumba cha kusomea kwenda kwenye intaneti au kwenye diski ya mtandao kitapita humo, kwa hiyo vifaa vya chumba hicho vitashirikiana megabiti 1000 za kebo hiyo. Kwa kuwa intaneti yako ni sehemu moja ya tano ya uwezo huo, kebo iliyopo inatosha kabisa, na sioni haja ya kuvuta nyingine kwa kila kifaa. Hali ingebadilika endapo watu wawili au watatu wa chumba hicho wangenakili mafaili makubwa kutoka kwenye diski kwa wakati mmoja. Hapo wangehisi kwamba wanashirikiana njia.

Kuhusu mahali pa kuiweka, swichi hukaa baada ya ruta. Mtoa huduma kwa kawaida hutoa anwani moja tu ya IP, yaani namba inayotambulisha kifaa kwenye intaneti, kwa mteja wa nyumbani, na ruta ndiyo inayoipokea, kisha yenyewe huvigawia vifaa vya ndani anwani za faragha, kwa mfano zile zinazoanza na 192.168, na kutafsiri kati ya pande hizo mbili. Swichi haigawi anwani. Ukiiweka kati ya kifaa cha ukutani na ruta, kompyuta utakayoichomeka humo ama itakosa anwani, ama itachukua ile iliyokusudiwa ruta, ama, mtoa huduma akiruhusu anwani zaidi ya moja, itakaa wazi upande wa nje bila kinga ya ruta. Hata vifaa vikiongezeka hadi kumi na tano, ruta iendelee kuwa moja, na ndiyo itakayovitambua vyote.

Kwa hiyo ningefanya hivi: kebo inayofika chumba cha kusomea ningeichomoa kwenye kompyuta ya watoto na kuichomeka kwenye swichi ndogo ya poti tano, kisha kompyuta zote mbili na printa zingeingia kwenye swichi hiyo. Karibu na ruta ningeweka swichi ya poti nane kwa ajili ya kamera, kituo cha Wi-Fi, televisheni na diski. Kompyuta ya kazi na kebo ya chumba cha kusomea zinaweza kubaki moja kwa moja kwenye ruta. Usihofie kuchelewa kwa taarifa: swichi ya gigabiti huipokea fremu nzima kabla ya kuipitisha, na fremu ya baiti 1500 huchukua takribani maikrosekunde 12 kupokewa, muda ambao mkutano wa video hauwezi kuuhisi.

Hakikisha tu kwamba swichi utakayochukua ni ya gigabiti katika poti zote. Zipo bado za megabiti 100, na kwa huduma yako zingeikata kasi nusu. Tofauti yake huonekana zaidi unaponakili: faili la gigabaiti 10 huchukua kama dakika 14 kwa megabiti 100, na takribani dakika moja na nusu kwa gigabiti, mradi diski yenyewe iweze kuandika kwa kasi hiyo.

Kituo_Kimoja alijibu:

Nakubaliana na Fundi_Nyaya kwa yote, nami nitajibu lile la ruta ya zamani kwa sababu halijaguswa.

Inawezekana kuitumia kama swichi, lakini si kwa kuichomeka tu. Ukichukua kebo kutoka ruta kuu na kuiingiza kwenye poti ya intaneti ya ruta ya zamani, ambayo mara nyingi ina rangi tofauti na nyingine, utakuwa umejenga mtandao wa pili ndani ya mtandao wa kwanza. Vifaa vya huko vitapata anwani kutoka ruta ya zamani, anwani zitatafsiriwa mara mbili kabla ya kutoka nje, na kompyuta ya kazi iliyo kwenye ruta kuu haitaiona printa ya chumba cha kusomea. Intaneti itafunguka kama kawaida, na ndiyo maana tatizo hili huwasumbua watu kwa muda mrefu: kila kitu huonekana kizima hadi siku ya kuchapisha waraka au kufungua picha za kamera.

Njia sahihi ni kuingia kwenye mipangilio ya ruta ya zamani ikiwa peke yake, kuibadilishia anwani iwe ndani ya mtandao wa ruta kuu lakini isiyogongana na kifaa kingine wala isiyo katika fungu ambalo ruta kuu hugawa, kuzima DHCP, yaani huduma ya kugawa anwani, ili isizigawe tena, kisha kuingiza kebo kwenye mojawapo ya poti za kawaida na kuiacha wazi ile ya intaneti. Baadhi ya ruta zina chaguo la kuzigeuza kuwa kituo cha Wi-Fi, na chaguo hilo hufanya hatua hizi zenyewe.

Kabla ya hapo, soma maelezo yaliyobandikwa chini ya kifaa au kwenye kijitabu chake. Ruta nyingi za zamani zina poti za megabiti 100. Kama yako ni ya aina hiyo, basi iweke upande wa nyuma wa nyumba kama kituo chako cha pili cha Wi-Fi, endapo bado inapokea marekebisho ya usalama kutoka kwa watengenezaji wake, na chumba cha kusomea kipewe swichi halisi. Kama marekebisho yalikoma, mimi nisingeiunganisha kabisa na mtandao wa familia.

Jozi_Nne alijibu:

Ninaongeza kuhusu kebo na kamera, kwa kuwa swichi nzuri iliyounganishwa na kebo mbovu haina msaada wowote.

Kebo ya daraja la Cat5e inatosha kwa gigabiti hadi umbali wa mita 100, na Cat6 ni chaguo jema kama unavuta mpya, kwa sababu hubeba hata gigabiti 10 kwa umbali mfupi zaidi, hadi mita 55 katika mazingira mazuri. Nyumbani ni nadra kufikia mipaka hiyo. Kinachopaswa kuangaliwa zaidi ni madini ya waya wenyewe: zipo kebo ambazo waya wake ni alumini iliyopakwa shaba kwa juu, na ingawa zimeandikwa Cat5e au Cat6, hazikidhi viwango vya madaraja hayo, hukatika kwa urahisi zinapokunjwa, na hupata joto zaidi zinapobeba umeme wa kamera. Chukua kebo ya shaba tupu. Ikipita darini, iweke mbali na nyaya za umeme wa nyumba kadiri inavyowezekana, na pale ambapo ni lazima zikutane, zivukane kwa pembe mraba badala ya kwenda sambamba.

Kwa kamera, fikiria swichi inayotoa umeme kwenye kebo ile ile ya mtandao, yaani swichi ya PoE. Kiwango cha 802.3af cha mwaka 2003 huruhusu hadi wati 15.4 kwa kila poti, na kamera nyingi za nyumbani hutumia chini ya hapo; kile cha 802.3at cha mwaka 2009 kilipandisha hadi wati 30, jambo ambalo linafaa kwa baadhi ya vituo vya Wi-Fi. Soma pia jumla ya wati ambazo swichi nzima inaweza kutoa, kwa maana poti nane hazimaanishi kwamba zote zinaweza kutoa kiwango cha juu kwa pamoja. Swichi inayofuata viwango hivi huuliza kwanza kama kifaa kinahitaji umeme kabla ya kuutoa, hivyo unaweza kuchomeka televisheni au kompyuta humo bila hofu. Jihadhari na adapta zinazosukuma umeme bila kuuliza. Hizo zinaweza kuunguza kifaa kisichokusudiwa.

Kama mojawapo ya kamera itafungwa kwenye jengo jingine lililo kando ya nyumba, kebo ya shaba kati ya majengo mawili ni hatari wakati wa radi. Kwa kipande hicho faiba ni salama zaidi, kwa kuwa imetengenezwa kwa kioo, nacho hakipitishi umeme.

Chumba_cha_Kusomea alijibu:

Ninawashukuru sana nyote. Kamera zote mbili ziko kwenye nyumba hii hii, kwa hiyo suala la majengo mawili halinihusu. Ruta ya zamani nimeikagua na poti zake ni za megabiti 100, tena marekebisho yake yalishakoma, basi nimeiweka kando. Nimepata swichi ya PoE ya poti nane na nyingine ndogo ya poti tano, zote za gigabiti, na kila kifaa kilipata anwani bila mimi kugusa mipangilio yoyote.

Limebaki jambo moja. Kompyuta ya kazi nikiipima inapata takribani megabiti 190, lakini kompyuta zote mbili za chumba cha kusomea hazivuki 94, hata nikizipima moja moja. Je, hii si ile kasi kugawanyika aliyoitaja Mlinda_Kasi? Pia ninafikiria kuvuta kebo ya pili kutoka ruta hadi swichi ya chumba hicho ili njia ziwe mbili na kasi iongezeke.

Jozi_Nne alijibu:

Hapana, si kugawanyika. Kama ingekuwa hivyo, kompyuta ikipimwa peke yake ingepata kasi yote. Kipimo cha 94 kinasema kitu kingine waziwazi: ndicho kiasi kinachobaki kwa taarifa halisi pale kiungo kinapofanya kazi kwa megabiti 100, baada ya kuondoa maelezo ya anwani na mengineyo yanayoambatana na kila kipande cha taarifa. Kwa vile kompyuta zote mbili zimeathirika kwa namna moja, tatizo lipo kwenye njia wanayoshirikiana, yaani ile kebo ndefu ya darini.

Sababu ni hii. Kebo ina nyaya nane katika jozi nne. Gigabiti huzihitaji jozi zote nne, ilhali megabiti 100 hutumia mbili tu, zilizo kwenye pini 1, 2, 3 na 6. Jozi ya bluu iliyo kwenye pini 4 na 5, au ya kahawia iliyo kwenye 7 na 8, ikikatika au isipobanwa vizuri, vifaa vingi hushuka vyenyewe hadi megabiti 100 na kuendelea na kazi bila kutoa onyo lolote. Kebo hiyo huenda ilikuwa hivyo tangu mwanzo, ila kwa kompyuta moja hukuwahi kulitambua jambo hilo.

Kwanza angalia taa ya poti kwenye swichi. Swichi nyingi hutofautisha gigabiti na megabiti 100 kwa rangi au kwa idadi ya taa, na maana yake imeandikwa kwenye kijitabu. Kisha chukua kebo fupi unayojua kuwa ni nzima, uipeleke swichi ndogo karibu na ruta, na uiunganishe kwa kebo hiyo. Taa ikionyesha gigabiti, basi swichi na ruta ni nzima na lawama ni ya kebo ya darini. Usiitupe mara moja. Mara nyingi kasoro huwa kwenye kichwa cha RJ45, yaani kile cha plastiki kinachoingia kwenye poti, wala si katikati ya kebo, kwa hiyo kata vichwa vya pande zote mbili na ubane vipya kwa mpangilio wa T568B: nyeupe yenye chungwa, chungwa, nyeupe yenye kijani, bluu, nyeupe yenye bluu, kijani, nyeupe yenye kahawia, kahawia. Zingatia kwamba jozi ya kijani inatenganishwa na ile ya bluu katikati. Wengi huzipanga jozi moja baada ya nyingine, na kebo ya namna hiyo hufanya kazi kwa kusuasua kwa umbali mrefu.

Fundi_Nyaya alijibu:

Kuhusu kebo ya pili, tafadhali usiiunganishe. Swichi isiyo na mipangilio haijui kuzifanya kebo mbili kuwa njia moja pana. Itaziona kama njia mbili za kufika mahali pamoja, na hapo linazaliwa duara. Taarifa zinazotumwa kwa vifaa vyote, kama lile ombi ambalo kompyuta hutoa inapotafuta anwani, zitatoka kwa kebo moja na kurudi kwa nyingine, kisha zitazunguka tena na tena, kwa sababu fremu za Ethaneti hazina muda wa kufa. Katika sekunde chache taa zote za swichi zitawaka kwa mfululizo na nyumba nzima itakosa mtandao, Wi-Fi ikiwemo. Kuunganisha kebo mbili kuwa moja kunawezekana tu pale ambapo vifaa vya pande zote mbili vinaweza kupangiwa kazi hiyo, na ruta nyingi za nyumbani haziwezi.

Ikitokea siku moja mtandao umeganda ghafla baada ya mtu kusafisha chumba au kuhamisha meza, kagua kwanza kama kuna kebo ambayo ncha zake zote mbili zimechomekwa kwenye swichi ile ile.

Kama bado unataka kuvuta kebo nyingine darini, ivute, lakini uipe kazi yake yenyewe: itoke kwenye swichi ya PoE moja kwa moja hadi kwenye kituo cha Wi-Fi cha upande wa nyuma, bila kupita kwenye swichi ya chumba cha kusomea.

Chumba_cha_Kusomea alijibu:

Nimefanya jaribio la kebo fupi na taa ikaonyesha gigabiti. Nilipofungua kichwa cha upande wa chumba cha kusomea nilikuta waya mmoja wa kahawia haujafika mwisho wa pini. Nimebana vichwa vipya pande zote mbili, na sasa kompyuta zote mbili zinapata zaidi ya megabiti 185 kila moja inapopimwa peke yake. Kebo ya pili nitaivuta kwa ajili ya kituo cha Wi-Fi, kama alivyoshauri Fundi_Nyaya.